Mlezi wa mtoto anaposhukiwa kutumia dawa za kulevya: mzazi afanye nini?

Wazazi wengi wa Divisheni ya Viwanda jijini Mbale, mashariki mwa Uganda, huondoka nyumbani alfajiri na kurejea jua likishatua. Wapo waendao viwandani, wapo wauzao sokoni Namatala, na wapo wapandao magari kuelekea Malaba na Busia kufuata bidhaa. Kwa saa kumi au zaidi, mtoto hubaki mikononi mwa yaya, jirani au mlezi wa kituo. Mpango huo wote umesimama juu ya nguzo moja, nayo ni uaminifu.

Nguzo hiyo hutikisika pale jirani anaponong'ona kwamba mlezi anavuta bangi, anatafuna mairungi au anakunywa waragi akiwa na mtoto. Mzazi akinyamaza, mwanawe anaweza kudhurika. Akikurupuka, anaweza kumwangamiza binti asiye na hatia, kwa maana jina likishachafuliwa mtaani, kupata kazi nyingine huwa shida.

Kati ya kunyamaza na kukurupuka ipo njia ya tatu. Inamtaka mzazi amlinde mtoto kwanza, achunguze kwa utulivu, kisha aamue kwa haki, kwa utaratibu huo huo.

Swali la kwanza linamhusu mtoto

Mara nyingi mzazi huanza kwa kuuliza mlezi anatumia nini. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: je, mtoto yuko salama leo?

Sheria peke yake haijibu swali hilo. Mwezi Mei 2023, Mahakama ya Katiba ya Uganda iliifuta sheria ya awali ya kudhibiti dawa za kulevya kwa sababu ilipitishwa bungeni bila akidi kuthibitishwa, na mwezi Agosti mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria mpya. Kumiliki bangi ni kosa. Pombe, kwa upande wake, ni halali kwa mtu mzima, ingawa waragi ya mifuko midogo ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019. Hata hivyo, mtoto anayetambaa kuelekea jiko la mkaa hapati nafuu yoyote kwa kuwa kilichomlaza mlezi wake ni kinywaji halali.

Kipimo chenye maana ni uwezo wa mlezi kuona, kusikia na kutenda upesi. Anayekunywa malwa siku yake ya mapumziko, akarudi kazini akiwa timamu, hayuko sawa na anayekunywa akiwa na mtoto mgongoni. Katika mitaa iliyo karibu na mito Namatala na Nabuyonga jambo hili lina uzito wa pekee. Mafuriko ya mwishoni mwa Julai 2022 yaliua watu zaidi ya 20 mjini Mbale na maeneo ya jirani, na maji yanapopanda, mtoto mdogo hana mwokozi isipokuwa mtu mzima aliye macho.

Kwa watoto wachanga kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa urahisi. Mtu aliyelewa akilala kitanda kimoja na mtoto mchanga, uwezekano wa mtoto kukosa hewa huongezeka, kwa kuwa usingizi wa ulevi humzuia mkubwa kuhisi kwamba amemlalia mdogo.

Kwa hiyo mzazi akirejea na kumkuta mlezi amelewa, hatua ya kwanza ni kumchukua mtoto na kumpeleka mahali salama bila zogo. Huo si wakati wa mahojiano, kwa sababu aliyelewa hawezi kujieleza sawasawa, naye mwenye hasira hawezi kusikiliza. Mlezi huyo naye asitupwe nje usiku. Aachwe apumzike mahali penye mtu wa kumwangalia, na mazungumzo yafanyike kutakapopambazuka. Akiwa hazinduki au anapumua kwa shida, naye ni mgonjwa wa dharura.

Dalili zenye sura mbili

Macho mekundu, usingizi mchana, mikono inayotetemeka, maneno yanayoburuta, hasira za ghafla na fedha zinazopotea ni dalili zinazotajwa sana. Kila moja inaweza kuwa ya kweli, na kila moja inaweza kuwa na maelezo mengine.

Macho huwa mekundu kwa moshi wa kuni na kwa ugonjwa wa macho. Usingizi mchana humpata yaya anayeamshwa na mtoto mara nne usiku kisha akatakiwa kufua nguo za nyumba nzima kabla ya saa mbili asubuhi. Malaria huleta uchovu na kutetemeka. Mwenye kisukari ambaye sukari imemshuka huweza kuyumba na kusema maneno yasiyoeleweka, hata aliye karibu akaapa kwamba ni mlevi. Kifafa humwacha mtu ameduwaa kwa muda baada ya degedege kupita. Ujauzito, huzuni kubwa na baadhi ya dawa za hospitali pia hubadilisha mwenendo wa mtu.

Kwa sababu hiyo dalili moja haitoshi kumhukumu mtu. Kinachopaswa kumshtua mzazi ni mfululizo wa mambo yanayokubaliana: harufu ya pombe zaidi ya mara moja, mtoto kukutwa bila chakula hadi alasiri, majeraha yasiyo na maelezo, vifaa vya kuvutia vilivyofichwa karibu na nguo za mtoto, au mlezi kushindwa kueleza siku ilivyokwenda.

Ushahidi ulio bora mara nyingi hutoka kwa mtoto mwenyewe. Mtoto aliyezoea kucheka akianza kulia kila amwonapo mlezi, akipungua uzito, au akilala muda mrefu kuliko kawaida yake, ana jambo analosema bila maneno. Mtoto anayeweza kuzungumza aulizwe kwa maswali mapana, kama vile “Leo mlifanya nini?” Akiulizwa “Alikuwa analewa, sivyo?”, atakubali ili kumridhisha mzazi, na neno lake halitakuwa na uzito tena.

Dawa anapopewa mtoto ili alale

Kuna upande wa tatizo hili ambao hausemwi sana. Dawa inayotia hofu zaidi huenda ikawa ile anayopewa mtoto, wala si ile anayotumia mlezi. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, ikiwamo ile inayofahamika madukani kwa jina la Piriton, huuzwa kwa bei ndogo. Mlezi aliyechoka, au anayetaka muda wa kutoka, anaweza kumnywesha mtoto ili anyamaze. Wengine hutumia dawa za kikohozi, na wengine kijiko cha pombe.

Hatari yake si ya kubahatisha. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba promethazini, dawa ya aina hiyo, isitolewe kwa watoto wa chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kuzuia upumuaji. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilikataza kodeini kutumiwa kutuliza maumivu kwa watoto wa chini ya miaka 12, na mwaka 2017 Marekani ikachukua hatua kama hiyo, ikigusa maumivu na kikohozi. Pombe, hata ikiwa kidogo, hushusha sukari katika damu ya mtoto mdogo na inaweza kumletea degedege.

Mtoto asiyeamka kwa urahisi, anayepumua polepole au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, anayelegea viungo, au mwenye mboni za macho zilizosinyaa kama ncha ya sindano, apelekwe hospitali mara moja. Wakati wa kumpeleka alazwe kwa ubavu. Asilazimishwe kutapika, wala asipewe maziwa au maji akiwa hajazinduka. Chupa au karatasi ya dawa iliyokutwa karibu ichukuliwe na kupewa daktari, kwa kuwa jina la dawa huokoa muda. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbale imo ndani ya jiji. Daktari aambiwe ukweli wote, hata kama ukweli huo unaiaibisha familia.

Kuandika, kisha kuuliza

Ikiwa hakuna dharura, mzazi anahitaji daftari kabla ya kuhitaji polisi. Aandike tarehe, saa, alichokiona kwa macho yake na hali ya mtoto. “Jumanne, saa kumi na moja jioni, mtoto alikutwa peke yake uani, mlezi amelala, chumba kinanuka waragi” ni maelezo yanayoweza kuchunguzwa. “Yule msichana ni mlevi” ni hukumu. Maneno ya majirani yaandikwe mbali na aliyoyaona mzazi mwenyewe, kwa kuwa jirani naye anaweza kuwa na ugomvi wake.

Umuhimu wa ushahidi ulionekana mwaka 2014 jijini Kampala. Baba mmoja, baada ya kuona michubuko kwa bintiye wa miezi 18, aliweka kamera nyumbani kwake kwa siri, nayo ikanasa yaya akimpiga na kumkanyaga mtoto huyo. Picha hizo zilizunguka duniani kote. Mwezi Desemba mwaka huo mahakama ilimhukumu yaya huyo kifungo cha miaka minne. Kesi hiyo ilihusu ukatili, si dawa za kulevya, lakini inafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba baba huyo alianzia kwenye mwili wa mtoto. La pili ni kwamba kilichoisaidia mahakama ni ushahidi, wala si ghadhabu ya umma.

Baada ya kuandika huja kuuliza. Mazungumzo yafanyike faraghani, mlezi akiwa timamu na mtoto akiwa kwa mtu mwingine. Mzazi aanze na alichokiona: “Binti yangu, juzi nilimkuta mtoto amelala, na ilinichukua muda mrefu kumwamsha. Ilikuwaje?” Kisha anyamaze na kusikiliza. Mara nyingine jibu litakuwa ugonjwa, uchovu, au msiba wa nyumbani ambao mlezi aliogopa kuutaja. Mara nyingine litakuwa kukiri. Na mara nyingine litakuwa uongo ambao daftari litaufichua.

Kumpiga mlezi, kumvua nguo ili apekuliwe au kumfungia chumbani ni makosa ya jinai. Mzazi afanyaye hivyo anaweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa, huku shauri la mtoto likisahauliwa.

Vipimo havisemi yote

Wapo waajiri wanaokimbilia kipimo cha mkojo. Kipimo hicho kina mipaka. Kwa mtu anayevuta bangi mara kwa mara, mabaki yake yanaweza kuonekana kwa wiki kadhaa, hivyo matokeo hayaonyeshi kama alikuwa amelewa akiwa kazini. Baadhi ya dawa halali za mafua na kikohozi huweza kuleta majibu ya uongo. Mairungi nayo mara nyingi haionekani kwa vipimo vya kawaida, kwa kuwa vingi havikutengenezwa kuitafuta. Kwa hiyo mlezi mwema anaweza kuonekana ana hatia, na mzembe akaonekana safi.

Kipimo kikihitajika, kifanywe hospitalini kwa ridhaa ya mhusika, na majibu ya awali yathibitishwe kwa kipimo cha pili. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa miongoni mwa zile zenye ulinzi wa pekee. Kuyasambaza majibu hayo, au picha ya mlezi, katika makundi ya WhatsApp ya mtaa si njia ya kumlinda mtoto.

Haki ya kusikilizwa, kwa lugha inayoeleweka

Mzazi akishaamua kwamba mlezi hafai kuendelea, anabaki na wajibu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema kuwa kabla ya kumfukuza mfanyakazi kwa utovu wa nidhamu, mwajiri ni lazima amweleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi anatarajiwa kuielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu amtakaye wakati wa maelezo hayo.

Kwa jiji kama Mbale sharti hilo si dogo. Nyumba moja inaweza kuwa na baba anayezungumza Lugisu, mama anayezungumza Ateso na yaya anayejua Kiswahili peke yake kwa kuwa alikulia upande wa pili wa mpaka. Tuhuma iliyotolewa kwa lugha isiyoeleweka, ikajibiwa kwa kutikisa kichwa, haikujibiwa. Mzungumzaji wa Kiswahili anayetuhumiwa anaweza kuomba ndugu, kiongozi wa dini au jirani anayeaminika aje kumfasiria. Mwajiri naye anaweza kuomba vivyo hivyo. Mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi ulipwe, kwa kuwa tuhuma haifuti deni.

Taarifa ipelekwe wapi?

Mtoto akiwa ameumizwa, ametelekezwa au amepewa dawa kwa makusudi, jambo hilo limevuka mipaka ya nyumba. Sheria ya Watoto inalipa baraza la kijiji, maarufu kama LC1, jukumu la kulinda ustawi wa watoto wa eneo lake, na makamu mwenyekiti wa baraza hilo ndiye katibu wa mambo ya watoto. Huyo ndiye mlango wa karibu kabisa, naye anaweza kuelekeza kwa ofisa ustawi wa jamii wa jiji. Hata hivyo, LC1 si mahakama ya makosa ya kumtesa mtoto. Shauri la namna hiyo lisimalizwe kwa faini ya kijijini wala kwa kuombana radhi chini ya mwembe.

Polisi wana kitengo cha kulinda watoto na familia, na kwa dharura nambari zao ni 999 na 112. Ipo pia Sauti 116, simu ya bure ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, iliyoanzishwa mwaka 2014 kupokea taarifa za watoto walio hatarini. Anayepiga hahitaji kuwa mzazi. Jirani, mwalimu au mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Ikiwa mshukiwa ni mlezi wa kituo cha kulelea watoto, mzazi aonane kwanza na msimamizi na kuacha malalamiko yake kwa maandishi. Kituo makini humwondoa mlezi huyo karibu na watoto kwa muda wa uchunguzi, bila kumtangaza kuwa mkosaji. Msimamizi akipuuza, ofisi ya elimu ya jiji na polisi ndio hatua inayofuata. Wazazi wengine wenye watoto hapo wana haki ya kujua kwamba kuna uchunguzi, pasipo kupewa umbea.

Mlezi naye ni mtu

Kuna ukweli mgumu ambao familia nyingi hukwepa kuutazama: mara nyingine mlezi mwenyewe ni mtoto. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yaliweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 16, na mtu wa chini ya miaka 18 bado ni mtoto kisheria. Msichana wa miaka 14 aliyeletwa kutoka kijijini, akaachiwa watoto watatu na nyumba nzima, kisha akaanza kunywa ili apate usingizi, anastahili ulinzi ule ule anaostahili mtoto anayembeba. Suluhisho la shauri lake si kutafuta yaya mwingine wa umri huo huo.

Kwa mtu mzima, uraibu ni ugonjwa unaotibika. Kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ni mahali pa kuanzia, na Hospitali ya Taifa ya Butabika jijini Kampala ina huduma maalumu kwa waraibu wa pombe na dawa za kulevya. Kumwelekeza mlezi kwenye matibabu hakumaanishi kumrudishia mtoto siku hiyo hiyo. Mambo hayo mawili yanaweza kwenda pamoja: mtoto atoke mikononi mwake leo, naye aonyeshwe njia ya tiba leo.

Kinga kabla ya tuhuma

Tuhuma nyingi huzaliwa pale ambapo hapakuwa na makubaliano. Kabla ya mlezi kuanza kazi, mzazi aone kitambulisho chake na barua ya LC1 ya kijiji anakotoka, na azungumze kwa simu na mwajiri wake wa awali. Aseme waziwazi kwamba pombe na dawa za kulevya haziruhusiwi awapo na mtoto, na kwamba hakuna dawa itakayotolewa kwa mtoto bila ruhusa ya mzazi. Dawa zote zifungiwe juu, mbali na mikono ya watoto na ya wageni. Zaidi ya hayo, mlezi apewe saa za kulala, siku ya mapumziko na mshahara kwa wakati, maana mtu aliyechoka kupita kiasi ni hatari kwa mtoto hata kama hajagusa tone la pombe.

Mzazi anaweza pia kukubaliana na jirani anayeaminika apite kubisha hodi mara moja mchana, na yeye mwenyewe akarejea nyumbani saa isiyotarajiwa siku mojamoja. Mlezi aambiwe tangu mwanzo kwamba hayo yatatokea. Mlezi mwema hatakuwa na sababu ya kuogopa hodi hiyo, na siku mtaa utakapomsingizia, jirani huyo ndiye atakayekuwa shahidi wake.